Hela Isiyopigwa Picha

Hotuba hii niliitoa Jumamosi kwenye mkutano wa mwaka wa kituo chetu cha watoto waliotoka mtaani na wafadhili wake, hapa Chang'ombe, Dodoma. Wengi walikuwa safarini au kazini wakaniomba niiandike yote. Nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni, isipokuwa kikohozi cha vumbi nimekiondoa.

Mbukwenyi!

Wachache mno. Mbukwenyi!

Haya. Sasa Wagogo nimewasikia, na wageni wamepata neno moja la kuondoka nalo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, Afisa Ustawi wa Jamii, mwenyekiti wa mtaa, wafadhili wetu, majirani ambao mpira wa vijana wangu umewavunjia vioo, na ninyi mliokaa nyuma kule mkidhani siwaoni: itifaki imezingatiwa.

Katibu wangu alinipangia nianze na shukrani, nifuatie na mafanikio, niende kwenye changamoto, halafu mwisho ndiyo niombe. Hotuba ya namna hiyo mmeisikia mara ngapi? Leo naanza na kuomba, ili mwenye haraka ajue mapema kilichotuleta hapa. Naomba hela. Lakini naomba hela ya aina moja tu, ile ambayo katika miaka kumi na minne ya kituo hiki hakuna mtu aliyewahi kugonga mlango akasema, "Mama, hii hapa." Naomba hela isiyopigwa picha.

Mnanielewa? Bado. Ngoja niwaelezee kwa viatu.

Kabla ya hapo, neno moja. Visa nitakavyosimulia ni vya vijana wetu, na kila mmoja nimemwomba ruhusa. Majina siyataji. Mmoja alinikatalia, akaniambia, "Mama, cha kwangu bado nakitumia." Basi hicho hamtakisikia.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, katika baridi ile ya Dodoma ambayo watu wa Dar es Salaam hawaiamini mpaka wailale, aliletwa kijana wa miaka kama kumi na mitatu. Alimleta mwendesha bodaboda wa stendi kuu, Nzuguni, saa tano usiku. Kijana akaoga, akala, akaonyeshwa kitanda. Akapanda, akajifunika blanketi mpaka kichwani, akalala na viatu. Raba mbili, moja nyeusi moja ya bluu, na zote za mguu wa kushoto.

Mlezi wetu wa usiku akamwambia, "Baba, vua viatu, shuka litachafuka." Akakataa. Mlezi akamwacha.

Kwa nini mtoto alale na viatu? Waulizeni waliopita mtaani, wako humu ndani. Mtaani kiatu ukikivua, asubuhi kina mwenyewe mwingine. Na wakubwa wakija usiku kukunyang'anya, au ukifukuzwa kwenye kibaraza cha duka, asiye na viatu hafiki mbali. Hii ni nchi ya migunga, miiba yake mnaijua. Kiatu mguuni ndiyo nyumba yake. Ndiyo mlango wake wa dharura.

Yule mlezi wa usiku ana daftari. Halina mambo makubwa, ni daftari la kurasa mia la dukani, kila usiku anaandika mstari mmoja kwa kila mtoto mgeni. Nimelichukua leo. Nawasomea mistari ya kijana huyo, na mimi sijaongeza kitu.

Usiku wa kwanza: "Amelala na viatu." Wa pili: "Amelala na viatu." Wa tatu, wa nne, wa tano, vilevile. Usiku wa tisa: "Amelegeza kamba." Usiku wa kumi na saba: "Amevua kimoja." Usiku wa ishirini na tatu: "Amevua. Ameviweka chini ya mto." Na usiku wa arobaini na moja: "Viatu vyake viko mlangoni na vya wenzake."

Sasa, wapiga picha mliopo hapa, niambieni. Hapo mngepiga nini? Raba mbili kuukuu mlangoni? Nani angeiweka hiyo kwenye bango?

Lakini kwangu mimi, ndugu zangu, usiku ule wa arobaini na moja ndiyo siku mtoto alipofika kituoni. Zile arobaini za kwanza alikuwa bado yuko stendi, mwili tu ndio uliokuwa kwetu. Na aliyemfikisha si mimi, wala si godoro mlilotupa, na godoro nashukuru. Aliyemfikisha ni mama mmoja aliyekuwa macho saa nane usiku akiangalia miguu ya mtoto wa mtu. Analipwa laki mbili na nusu kwa mwezi. Mwaka ule tulimkopa mishahara mitatu. Kila andiko la mradi ninalopeleka kwa wafadhili wakubwa, mstari wa kwanza kukatwa ni wa kwake. Wanauita gharama za uendeshaji. Mimi sijui kinachoendeshwa hapo ni nini, kama si mtoto mwenyewe.

Sasa nije kwenye sabuni.

Mnacheka. Mnajua ninakokwenda.

Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Siku hiyo, na Krismasi, na Ramadhani, geti letu halifungwi. Nawashukuru, na nasema kwa moyo mweupe. Lakini sisi ni ndugu, tuambiane. Juni ya mwaka jana tulipokea makundi manne kwa siku moja. Kila kundi na bango lake, fulana zake, na mtu wake wa kamera. Katoni za sabuni zilifika 31. Jamani, sabuni iliyoko stoo yetu inatosha kufulia hadi dhambi! Kundi la nne lilipoingia, kadogo kamoja kalinivuta kanga kakaniuliza, "Mama, na hawa tunawaimbia upi?" Maana wimbo tuliokuwa nao walishauimba mara tatu.

Jioni ileile, saa moja na nusu, LUKU, umeme wetu wa kulipia kwanza, ikakata. Vijana 43 gizani, wamezungukwa na sabuni. Nikafungua simu yangu nikakuta shilingi 2,300.

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli. Ila mita ya LUKU haisomi moyo, inasoma tarakimu ishirini.

Simlaumu aliyeleta sabuni. Sabuni inashikika, inabebwa, inakabidhiwa kwa mikono miwili, na ukiikabidhi mtu anakuona. Umeme huwezi kuukabidhi. Nauli huwezi kuikabidhi. Na hapo kwenye nauli ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo hasa iliyonileta hapa mbele.

Swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: "Huyu, wazazi wake wako wapi?" Mnauliza kwa uchungu, najua. Na mimi nawauliza ninyi: ni lini mtu alilipa nauli kwenda kuwauliza?

Tulikuwa na kijana wa miaka kumi na minne. Kwao ni kijiji cha upande wa Kondoa. Akiwa na miaka kumi na mmoja alipelekwa Kongwa kuchunga ng'ombe wa mtu, kwa ahadi ya ndama mmoja kila mwaka. Amechunga miaka miwili na nusu. Mbuzi wawili wakaliwa na fisi, tajiri akasema basi, ndama zako zimeishia hapo, na bado nakudai. Kijana akaondoka usiku, akatembea hadi Kibaigwa kwenye soko la mahindi, akajificha juu ya magunia ya lori, akashukia Dodoma. Nyumbani hakwenda. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Ningerudi na nini?"

Mtoto wa miaka kumi na minne. "Ningerudi na nini?"

Huyu mtamwita chokoraa? Mtamwita mtoro? Huyu ni mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara, akaona aibu kumtazama baba yake.

Safari ya kwanza alikwenda na afisa wetu. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na bodaboda kutoka barabara kuu hadi kijijini: shilingi 46,000. Walipofika kwenye mbuyu wa kuingilia kijijini, kijana akagoma. Alikaa chini ya ule mbuyu saa mbili nzima, hakuinuka. Wakarudi. Mhasibu wetu akaniuliza, "Mama, hii niiandikeje? Shilingi elfu arobaini na sita kwenda kutazama mbuyu?" Nikamwambia andika hivyohivyo.

Safari ya pili afisa alikwenda na mjumbe wa bodi, kijana akabaki. Baba hawakumkuta, alikuwa amekwenda kuhemea nafaka. Walimkuta mama. Hakulia, hakuuliza maswali. Aliingia ndani akatoka na karanga mbichi zimefungwa kwenye kipande cha khanga, akasema, "Mpeni." Kijana zile karanga hakuzila, alikaa nazo chini ya kitanda mpaka zikaanza kuleta panya. Samahani, mgeni rasmi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Safari ya tatu wakaenda naye tena. Mbuyu akaupita. Wakakaa na baba na wajomba, na baba mtu, mbele ya watu wote, swali lake la kwanza likawa: "Ndama zangu ziko wapi?" Wakarudi naye Dodoma siku hiyohiyo. Njiani hakusema neno hata moja.

Mngekuwa ninyi mngeacha? Bodi yangu nusu ilitaka kuacha. Sina ugomvi nao, hela haikuwepo.

Kati ya safari ya tatu na ya nne yule mama, mama wa karanga, alimfuata mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akamwandikia barua mwenzake wa kijiji cha tajiri. Wazee wakaketi. Kati ya ndama wawili akatolewa mmoja. Safari ya nne kijana alibaki nyumbani. Leo yuko darasa la tano, mrefu kumpita mwalimu wake, anaona aibu kidogo, lakini anakwenda.

Safari nne mara 46,000 ni shilingi 184,000. Kumlisha mtoto kituoni kwa shilingi 3,000 kwa siku ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka, hapo hajavaa, hajaugua, hajasoma. Mimi si mtu wa hesabu. Lakini hii hata mimi naiona.

Na bado, nikimwendea mfadhili nikamwambia naomba laki moja na themanini na nne ya kumlisha mtoto, ananipa. Nikimwambia ni ya nauli, ananitazama hivi. (Hapa nilifanya ile sura mnayoijua, watu wakacheka.) Anawaza: hii nauli, je, si ya mama kwenda harusini?

Wazee wangu mliokaa mbele, neno kuhemea mnalijua. Vijana wa mjini hamlijui, kwa sababu ninyi chakula chenu kinatoka dukani. Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Ikikata Februari, mtama unakauka unautazama. Basi watu hufunga safari kwenda kwa wenye nafaka, kununua, kubadilishana, kufanya kibarua, kuomba. Huko ndiko kuhemea. Kwetu, mtu kuondoka nyumbani kwa sababu ya njaa haikuwa uhuni. Ilikuwa akili.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na miaka kama sita wakati wa Mtunya. Mtunya ni jina ambalo wazee waliipa njaa ya 1917 hadi 1920. Vita vya wakubwa vilipita hapa, Wajerumani wakachukua nafaka na ng'ombe na wapagazi, Waingereza wakaja wakachukua vilivyobaki, halafu mvua ikakataa. Makadirio yanasema walikufa watu kama 30,000. Babu aliachwa na mama yake kwenye kaya moja iliyokuwa na uwele ghalani. Haikuwa kaya ya ndugu. Mama yake akasema nitarudi, na hakurudi. Babu alichunga mbuzi wao, akalala ngozi moja na watoto wao, na alipokua wakamtolea mahari kama mtoto wao.

Hakuna aliyempiga picha. Hakuna aliyekwenda kumtangaza. Na mimi niliyesimama hapa, ndugu zangu, natokana na uwele ule.

Nimezungumzia picha mara nyingi, na kuna anayejiuliza, huyu mama ana nini na picha? Nawaambia. Kosa nililifanya mimi mwenyewe.

Mwaka wa tatu wa kituo tulichapisha kalenda ya ukutani ya kuwagawia wafadhili. Ukurasa wa Agosti tuliweka mtoto wa miaka tisa, kifua wazi, machozi yanatiririka, na chini yake maneno, niliyaandika mimi: "Aliokotwa jalalani." Kalenda ilipendwa. Ilituingizia hela nzuri, siwadanganyi. Paa la bweni lile mnaloliona limetoka kwenye ukurasa wa Agosti.

Mtoto akakua. Alipofika miaka kumi na minane alikuwa konda wa daladala ya Nkuhungu, kijana mcheshi, ana mdomo kama makonda wote. Siku moja akaingia kibandani kwa mama mmoja kula chipsi, akainua macho. Kalenda ileile. Miaka tisa imepita, imefunikwa moshi na mafuta, lakini iko ukutani, kwa maana kwetu kalenda yenye picha haishushwi kwa sababu tu mwaka umekwisha. Na imefunuliwa Agosti. Akaomba auziwe. Mama akamtoza elfu mbili.

Akaja nayo ofisini kwangu imekunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya meza, akailainisha kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayepiga pasi. Hakupaza sauti. Akasema, "Mama, mimi sikuokotwa. Nilikuja mwenyewe. Kwa miguu, kutoka Bahi, siku mbili."

Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

Kwa hiyo kuanzia mwaka huu, sura ya kijana wetu hamtaiona kwenye bango, kwenye kalenda, wala kwenye simu ya mtu yeyote anayeingia getini. Mfadhili mmoja aliniambia, "Mama, bila sura watu hawatoi." Inawezekana. Tutajua Desemba.

Nipite haraka kwenye jambo la umri, maana naona watu wa jikoni wananipungia mkono.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Ni sheria nzuri, imetusaidia sana. Lakini wafadhili wengi wameisoma kwa namna yao: saa sita usiku kijana anapotimiza kumi na nane, hela inakatika kama LUKU. Jana alikuwa mtoto wa kuonewa huruma, leo ni jitu zima linalozurura. Nani kati yenu watoto wake aliwatoa nyumbani siku hiyo?

Tuna kijana fundi wa kuchomelea. Mageti ya Ihumwa na Mtumba kule, kadhaa ni ya mkono wake. Mji unajengwa, kazi ipo. Sensa ya 2012 jiji hili lilikuwa na watu 410,956. Ya 2022 ikatuhesabu 765,179, na kila mmoja anataka geti. Basi kijana anafanya kazi, analipwa kwa simu. Tatizo? Laini si yake. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti hana. Akatumia laini ya rafiki yake. Na rafiki, ndugu zangu, amekopa mkopo wa simu! Kila hela ya kijana ikiingia, mkopo wa rafiki unakatwa kwanza. Miezi mitatu amechomelea mageti ya watu akilipa deni la mwenzake.

Kumtafutia cheti kulituchukua miezi saba. Barua ya mtendaji wa kijiji, shahidi wa kuzaliwa, na mkunga alishafariki. Shule aliyoishia darasa la pili ilikuwa imemwandika kwa jina la utani. Ada ya cheti si kitu. Kilichotula ni nini? Semeni wenyewe.

Nauli! Ahsanteni.

Bila kitambulisho hawezi hata kuingia kwenye kikundi cha kukopa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, ambayo nne yake ni ya vijana. Na akishakipata, akatafute chumba. Chumba cha 40,000, mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Hiyo ni 240,000 kwa kijana ambaye hana shangazi wa kumpigia simu. Kwa hiyo kodi ya miezi sita ya kwanza nayo naomba. Nayo haipigiki picha, labda mpige picha ufunguo.

La mwisho. Wengi wenu mnajua kilichotupata. Mwanzoni mwa 2025 mfadhili wetu mkubwa wa nje, aliyebeba karibu nusu ya bajeti, alituandikia barua pepe ya mistari mitano. Hatukuwa peke yetu. Januari ile serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi nchini yakatikiswa, hata yale ambayo hela yao ilitoka kwingine. Nililia. Halafu nikakasirika, na hasira nilijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa miaka yote hiyo nilikuwa naandika maombi kwa Kiingereza kwa watu nisiowahi kuwaona, na majirani zangu nawaletea mialiko ya kuja kupiga makofi.

Wiki mbili baada ya barua ile, wakaja bodaboda watatu wa kijiwe cha stendi. Nikadhani wameleta mtoto. Walikuwa na mfuko wa plastiki. Wakasema wamesikia, wamechangishana. Tukamwaga mezani, noti na sarafu, nyingine zina grisi. Shilingi 38,500. Mmoja akaniambia, "Mama, usituandikie barua ya shukrani, hatuna pa kuiweka. Weka mafuta tu, usiku tunapoleta mtoto pikipiki inarudi na tanki tupu."

Mnaona? Wao waliijua hela isiyopigwa picha kabla yangu. Kila Jumatatu tangu siku ile wanaleta elfu moja moja. Wakina mama lishe wa soko la Majengo wamefuata. Hawajawahi kuomba ugeni rasmi. (Mheshimiwa, wewe karibu tu, hujakosea.)

Basi. Pale mlangoni kuna meza, na juu yake kuna daftari la kurasa mia, ndugu ya lile la mlezi wa usiku. Lina ukurasa wa nauli, ukurasa wa LUKU, ukurasa wa mlezi, ukurasa wa vyeti, na ukurasa wa kodi ya miezi sita. Ukurasa wa sabuni haupo. Andika jina, kiasi, na kama ni kwa mara moja au kwa mwezi. Kila tarehe tano tutakutumia ujumbe wa kukueleza hela yako ilipanda basi gani. Wa nauli mjiandae kupokea ujumbe wa mbuyu, maana itatokea tena.

Asiye na hela leo aandike namba yake na mtaa anaokaa. Mtoto akilala kwenye kibaraza cha duka la jirani yako, tupigie sisi, au piga 116, namba ya kumsaidia mtoto. Usimpigie kamera.

Chakula kiko tayari. Ni ugali wa uwele na mlenda, na nyama ipo kwa wasioamini mlenda. Tunakula kwenye mikeka, na sakafu imepigwa deki asubuhi hii, kwa hiyo viatu tunaviacha mlangoni. Msiwe na wasiwasi navyo. Kuna kijana amejitolea kuvilinda.